Kamba ya Futi Arobaini na Nne

Rafiki yangu alikuwa fundi mzuri kuliko fundi yeyote wa Nakuru, na mtu akikataa hiyo, hata leo, tutaongea vizuri sana mimi na yeye. Tulikua pamoja kwenye laini ya nyumba za wafanyakazi, shamba moja la mzungu huko Njoro. Tulichunga ng'ombe pamoja, tukaacha shule darasa la nne pamoja, na tukaja mjini kwa lori moja kutafuta kazi. Yeye akaingia useremala. Mimi nikapata kazi yadi ya mbao karibu na reli, kupanga na kupima futi. Yeye alikuwa na mikono, mimi nilikuwa na mdomo. Tulilala chumba kimoja na hatukukosa kitu.

Halafu akapata msichana. Alikuwa ametumwa kutengeneza mlango wa jikoni kwa nyumba moja huko Milimani, na msichana huyu alikuwa amekuja kumtembelea dada yake, aliyekuwa yaya hapo. Mlango ule ulitengenezwa kwa siku nyingi sana. Mimi nilijua mlango hauna shida tena, lakini nilinyamaza, na watu wanaonijua wanajua hiyo ni mapenzi ya kweli.

Msichana alikuwa wa Olenguruone, juu kule Mau, kwa watu wa ng'ombe na mahindi na baridi. Desturi ya huko kijana anayeoa hajisemei. Anakaa mbele ya wazee kimya kama mgonjwa, na mwenzake ndiye anaongea kwa niaba yake. Unaona mwenyewe nani alichaguliwa.

Tulipanda na lori la unga mpaka Molo, na barua ya ruhusa mfukoni kwa sababu siku zile za ukoloni kutembea bila barua ilikuwa kujitafutia kesi. Kutoka hapo tukaenda kwa miguu na kwa bahati. Baba ya msichana alikuwa mzee mrefu, ameokoka juzi juzi, na wokovu ulikuwa umemshika na mambo yake yote. Watu wa maombi walikuwa wanakuja kwake kila Jumapili na kukaa ndani ya nyumba yake, magoti kwa magoti. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mviringo, ya zamani. Ukuta wake ulikuwa wa mbao za mtarakwa, ule mti hauozi, na mzee alizipasua mwenyewe kwa shoka akiwa kijana.

Kumbe ule mviringo ndio ulikuwa unamkosesha usingizi. Mwinjilisti wao alikuwa amejenga nyumba ya kona nne, na sasa ndugu wengine wa kanisa nao walikuwa na kona nne. Yeye peke yake alibaki kumwabudu Mungu ndani ya kitu alichosema kinafanana na chungu.

Basi tulipomaliza maziwa lala ya mgando na salamu, akatoa sharti lake. Harusi itakuwa, lakini kwanza huyu fundi ambomolee nyumba na kumjengea ingine ya kona. Mbao iwe ni zile zile zake. Ya mill, yaani ya kiwanda cha kupasua mbao, hataki hata moja, kwa sababu ya mill inaoza, na za kwake zimebeba jasho lake. Na watu wote wa maombi waingie kama wanavyoingia sasa, asibaki mtu nje.

"Fundi wako ataweza?" akaniuliza mimi.

"Mzee, huyu anaweza kukujengea gari ya moshi kwa mabaki," nikasema.

Rafiki yangu akanikanyaga mguu. Nilifikiri ananipongeza.

Kabla ya kuondoka tukazungusha kamba ukutani, kwa nje, tukaikata pale inapokutana. Mzee mwenyewe akaishika na kuifunga fundo. Nikaipima: futi arobaini na nne. Kutoka ukuta mpaka ukuta kupitia katikati ilikuwa futi kumi na nne. Mbao zilizosimama kando kando kuzunguka kamba ile, hizo ndizo tulipewa. Mzee akatupatia kamba tuende nayo, ili tupange.

Nakuru, nyuma ya yadi, rafiki yangu akaanza kupigilia vigingi kwenye udongo. Alichora kwanza mviringo ule wa mzee. Kisha akaichukua kamba ile ile, akaivuta kona nne, sawa sawa, kumi na moja kila upande. Akasimama katikati akaangalia. Akatoa vigingi, akafanya kumi na mbili kwa kumi. Akatoa tena, akafanya kumi na nne kwa nane. Niliporudi kutoka kazini nilimkuta amekaa juu ya gogo, mikono imelegea.

Akaniambia inakuwa ndogo. Nikamwambia ajaribu tena. Akaniambia amejaribu tangu saa nne, na kila akivuta huku, kule inaingia. Halafu akasema kitu kilinichoma, kwamba labda yeye si fundi, labda ni mtu wa kutengeneza milango tu.

Sasa mimi nilikuwa na kitabu. Nilikuwa nimekipata kwenye mnada wa vitu vikuukuu, ule wamama wa kizungu walifanya kwa uwanja wa kanisa huko Milimani, kati ya kofia za majani na birika zisizo na vifuniko. Kilikuwa kitabu cha aljebra. Kurasa za mwisho, zile za majibu, mtu alikuwa amezichana, labda kuwasha moto. Nilijifundisha nacho peke yangu kila jioni, kwa chaki juu ya mbao mbovu, nikikosana nacho kama mtu na mkewe. Nilipenda sana ile kazi. Unaandika usilolijua, unaliita x, halafu unalibana mpaka linasema jina lake.

Nikaamua nibane nyumba ya mzee. Upande mmoja wa nyumba ni x, wa pili ni y. Kamba ni arobaini na nne, kwa hiyo x na y pamoja ni nusu yake, ishirini na mbili. Na sakafu ya mviringo nilijua kuipata: saba, ile nusu ya kumi na nne, mara saba, mara ishirini na mbili, gawanya saba. Inatoka mia moja hamsini na nne, yaani vipande mia moja hamsini na nne vya futi kwa futi. Kwa hiyo x mara y lazima iwe mia moja hamsini na nne. Mambo mawili tu. Nilimwambia rafiki yangu asinywe hata chai yake yote, ikipoa jibu litakuwa limetoka.

Chai ilipoa. Nikafuata njia ya kitabu hatua kwa hatua, na mahali pa kutafuta skweya ruti, yaani ile namba ukiizidisha kwa yenyewe unapata hii, nikakuta nimeambiwa nitafute ya hasi mia moja thelathini na mbili. Hasi. Nikafuta, nikaanza upya. Hasi tena. Nikaanzia na y badala ya x, nikifikiri labda x ndiye mkaidi. Hasi. Nikakirusha kitabu kikagonga ukuta, na jirani akagonga kutoka upande wake, tukasalimiana kwa maneno ambayo sitaandika hapa.

Wiki hiyo hiyo dereva wa lori la unga akaleta habari mbaya. Kule Olenguruone ametokea fundi mwingine, mtu wa Molo mwenye kofia ya kahawia, amemwambia mzee kwamba hiyo nyumba ni kazi ya kitoto. Mzee akasema sawa, Jumamosi ijayo mafundi wote wawili waje wapigilie vigingi hapo kwenye nyasi, watu wa maombi wataingia ndani ya vigingi, tuone. Na kama yule wa Molo ataweza na wetu ashindwe, yeye hana binti wa kumpa fundi wa uongo.

Rafiki yangu alitoa msumeno wake akaanza kuunoa, na ulikuwa hauhitaji kunolewa.

Kwa hiyo sasa swali halikuwa tena jibu ni ngapi. Kama jibu liko mahali na sisi hatujaliona, huyo wa kofia anaweza kuliona, na rafiki yangu atapoteza mke. Lakini kama halipo, hakuna fundi duniani atalipata, na hapo hakuna aliyeshindwa. Nilihitaji kujua moja tu: liko ama haliko?

Nikampelekea karani wa yadi. Alikuwa Mhindi mnene mpole, amesoma shule mpaka ikaisha, na alikuwa anakunywa chai ya tangawizi kwa gilasi siku nzima. Nikamwekea ubao wangu wa chaki juu ya meza yake. Akausoma taratibu akifuata kwa kidole.

"Hujakosa mahali," akasema.

"Basi jibu liko wapi?"

"Hakuna."

"Hakuna kwa hiki kitabu?"

"Hakuna kwa dunia, bwana. Ukuta wa namna hii hakuna."

Nikawaka. Nilimwambia nimebeba kitabu hiki miaka miwili, kila swali lilikuwa na jibu, hata yale niliyokosa yalikuwa na jibu. Akaningoja nimalize, kwa sababu alikuwa amenizoea. Halafu akachukua chaki yangu.

Akaniambia nisahau njia ndefu ya kitabu. Nusu ya ishirini na mbili ni kumi na moja. Kama pande zote ni sawa, ni kumi na moja mara kumi na moja, mia na ishirini na moja. Sasa chukua kipande kidogo uongeze upande mmoja. Lazima ukitoe upande wa pili, si kamba ni ile ile? Sakafu inakuwa mia na ishirini na moja, toa kile kipande mara chenyewe. Kila ukivuta upande mmoja, unapunguza. Ukivuta zaidi, unapunguza zaidi. Mia na ishirini na moja ndiyo kilele. Wewe unataka mia moja hamsini na nne. Ili uifikie, kile kipande mara chenyewe lazima kiwe hasi thelathini na tatu, na hakuna kipande cha mbao, kirefu ama kifupi, ambacho ukikizidisha kwa chenyewe kinatoa hasi.

Akanywa chai kidogo. Akasema mbele kwenye vitabu vikubwa kuna namba za namna hiyo, wasomi wamezipa jina na zinawafanyia kazi nzuri. "Lakini wewe unataka kusimamisha nyumba," akasema. "Hizo hazishiki msumari."

Nilikaa pale kama mtu amepigwa na ubao, lakini ubao mzuri. Siku zote nilifikiri "hakuna" ni neno la mtu aliyechoka kutafuta. Sasa naambiwa unaweza kujua hakuna bila kutafuta kila mahali. Unaangalia ile namba chini ya ruti. Ikiwa hasi, funga kitabu, nenda nyumbani, umemaliza. Umejibu. Nilicheka peke yangu nikirudi chumbani mpaka mama mmoja wa ndizi akahama kando.

Nikamweleza rafiki yangu, nikirukaruka. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo si mimi?"

"Si wewe. Si mtu yeyote. Hata huyo wa kofia afe azaliwe tena."

Mabega yake yakashuka, na kwa mara ya kwanza tangu turudi akala vizuri. Lakini alipomaliza kula akauliza, "Na mzee tutamjengea nini?" Hapo sikuwa na aljebra.

Jumamosi tukafika Olenguruone na ukungu ulikuwa bado chini. Watu wote wa maombi walikuwa wamekuja, na wasioomba pia, kwa sababu burudani haikuwa nyingi. Msichana alisimama karibu na mama yake akijifanya anaangalia ndama. Fundi wa Molo alikuwa amevaa kofia yake na anatembea kama mtu aliyenunua uwanja.

Akaanza yeye. Akachukua kamba ya mzee, ile tuliyorudi nayo, akapigilia vigingi, kumi na nne kwa nane. Akaeleza kwamba nyumba ndefu inabeba watu wengi, kama behewa la treni. Watu wakaingia, wakabanana, wakakunja magoti. Waliobaki nje walikuwa wengi kiasi cha kuanzisha kanisa lao. Akasema ngoja. Akapigilia kumi na mbili kwa kumi. Wakabaki wachache kidogo. Akatoa kofia. Akapigilia kumi na moja kila upande, na bado wakabaki, kati yao mama wa msichana, ambaye alisema yeye hajali, lakini kigoda chake cha maombi ni cha siku nyingi kuliko hivyo vigingi.

"Kamba imefupishwa," fundi wa Molo akasema, akiwaangalia watu wa Nakuru.

Hapo ndipo rafiki yangu alinishika shati kwa nyuma. Alishika vizuri, kwa sababu mguu wangu mmoja tayari ulikuwa umeondoka. Kwa heshima ya mahali, nilimwambia yule bwana kwa sauti ya kawaida kwamba fundo ni la mzee mwenyewe, aliangalie, na akirudia neno hilo juu ya rafiki yangu nitamvisha hiyo kofia mpaka shingoni. Mzee akaangalia fundo. Akasema ni lake.

Nikamweleza mzee sasa. Nikampa mambo yote, x na y, kilele cha mia na ishirini na moja, hasi, kila kitu. Nilieleza vizuri mpaka mimi mwenyewe nikafurahi. Mzee akanisikiliza akiegemea fimbo.

"Hizo ni herufi zako," akasema. "Mimi naona watu wangu nje."

"Mzee, hata malaika akishuka na kamba hii, kona nne haziingii."

Watu wa maombi wakanung'unika juu ya malaika. Nikaona maneno yameisha kazi, jambo ambalo kwangu ni kama kuona mto umeisha maji. Nikaamua kuwaonyesha kwa mwili. Nikaita wanaume wanne washike kamba, kila mmoja kona moja, waivute. Wengine nikawaweka ndani. Nikawaambia wale wanne wasogee, huku warefushe, kule wafupishe, wajionee wenyewe jinsi ndani kunavyobana. Ikawa mchezo. Walio ndani wanapiga kelele wamekanyagwa, walio nje wanawacheka. Bibi mmoja aliyebaki nje, akitaka kuingia kwa nguvu, akashika kamba katikati ya upande mmoja akaivuta kwake.

Rafiki yangu alikuwa amekaa kimya siku nzima kama desturi inavyotaka. Niliona macho yake yamebadilika. Akasimama. Akaenda upande wa pili wa kamba, katikati, akaishika akaivuta nje kama yule bibi. Zile kona nne zikasogea ndani kidogo, lakini tumbo la kamba likafunguka, na watu ndani wakapumua. Akamshika kaka wa msichana mkono akamweka katikati ya upande wa tatu. Akamweka kijana mwingine upande wa nne, akarudi kushika pake. Sasa walikuwa wanane wameshika kamba, na kati ya kila wawili kamba ilikuwa imenyooka kabisa, ukuta safi wa mbao. Akawaonyesha kwa kichwa wale wa nje: ingieni.

Wakaingia. Walibanana, lakini waliingia, na mama wa msichana akaingia na kigoda chake.

Mzee alizunguka nje ya kamba polepole, akigusa kila mtu aliyeshika kwa ncha ya fimbo. Alipomaliza akanigeukia mimi, kwa sababu bado mimi ndiye nilikuwa mdomo.

"Hii ni kona?"

"Kona kabisa, mzee."

"Mwinjilisti ana ngapi?"

"Nne."

"Na mimi?"

"Nane."

Uso wake ukafunguka taratibu. Akauliza tena ya mwinjilisti ni ngapi, na safari hii aliuliza kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya shamba.

Fundi wa Molo akasema hiyo si nyumba, ni tenga la kuku. Lakini alikuwa mtu wa kazi, nitampa haki yake. Alipoona rafiki yangu ameanza kuchora jinsi ya kukata mabati ya paa yakutane juu, pande nane, alisogea karibu, akasogea tena, na mwishowe alikuwa amepiga magoti wanabishana kwa vidole juu ya udongo. Ndiye aliyetusaidia kupaua. Kofia alimwachia mtoto mmoja pale, na mimi nilisahau kabisa nilitaka kuifanyia nini.

Nyumba ikasimama kabla ya harusi, mtarakwa mtupu, hakuna hata ubao mmoja wa mill. Siku ya mwisho, wengine wakisafisha, mimi niliingia na futi yangu nikapima kutoka katikati mpaka ukutani, nikafanya hesabu kwa chaki nyuma ya mlango. Sakafu ilitoka kama mia moja arobaini na sita. Bado vipande nane pungufu ya mia moja hamsini na nne ya mzee. Kwa kamba ile, mviringo ndio mkubwa kuliko vyote, na kona, hata ziwe nane, zinakula kidogo. Niliangalia ile namba. Nikaangalia rafiki yangu akifagia maranda, anapiga mluzi. Nikaifuta chaki kwa mkono wa shati.

Jumapili ya kwanza watu wa maombi waliingia mmoja mmoja wakitafuta mahali pao. Bwana arusi akaketishwa kati ya wazee, na sasa alikuwa na ruhusa ya kuongea lakini hakujua aanze na nini. Mke wake alikuwa karibu na mama yake. Magoti yalikutana, watoto wakawekwa juu ya mapaja, na watu wote wa siku zote wakaenea. Aliyebaki amesimama mlangoni alikuwa mgeni mmoja tu kutoka Nakuru.

Mzee akaangalia huku na huku, hakuna nafasi. Akaniangalia.

"Mdomo akae kizingitini," akasema. "Mungu atamsikia hata kutoka Nakuru."

Walicheka wote, na rafiki yangu alicheka kuliko wote, na akiwa amekaa huko ndani akanirushia koti lake nilikalie, kwa sababu kizingiti cha mtarakwa ni baridi. Nilikaa hapo, mgongo ndani, miguu nje kwenye umande, na siku hiyo hata mimi nilitosheka.